Semina, mshauri wa darasani, cheti au vikao vya walimu: njia nne za kuwaandaa walimu wa maternele Lubumbashi kumweka mtoto katikati

Kila mwaka, kati ya kufungwa kwa mwaka wa shule na kufunguliwa kwa masomo mwezi wa tisa, madirekta wa shule za maternele, yaani shule za awali za watoto wadogo, hapa Lubumbashi hukutana na swali lile lile. Kuna fedha kidogo iliyobaki katika sanduku la shule, au kuna parokia iliyokubali kusaidia, na walimu wenyewe wanaomba wafundishwe namna ya kuendesha darasa ambamo mtoto anachagua, anatenda na anaeleza alichofanya, badala ya kukaa kwenye benchi akirudia kwa sauti sentensi za mwalimu. Fedha hiyo haitoshi kwa kila kitu. Je, iwapeleke walimu wote kwenye semina ya siku chache, imlipe mtu atakayekuja kuwa nao darasani mwaka mzima, imsomeshe mwalimu mmoja mpaka apate cheti, au isaidie vikao vya walimu wa shule jirani wanaofundishana wao kwa wao?

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya waliokwama hapo. Hauchagui kati ya Montessori na HighScope, njia mbili zinazojulikana za kuendesha darasa la watoto wadogo, ingawa majina hayo yatatajwa, kwa sababu jina la njia linaweza kusubiri. Kinachotangulia ni namna mwalimu anavyosaidiwa kuirekebisha njia hiyo ikubaliane na chumba chake, watoto wake na lugha yao.

Tunachotaka kukiona darasani

Tuchukue darasa la watoto wa miaka minne huko Katuba. Katika kona moja mama mwalimu amepanga soko: makopo matupu ya maziwa, mfuko wa unga wa mahindi, kapenta (samaki wadogo kama dagaa) za karatasi ambazo watoto wamezikata wenyewe, na vizibo vya chupa vinavyotumika kama fedha, kila kizibo kikiwa franga mia. Mtoto wa kike ndiye muuzaji. Mwalimu anachuchumaa mbele yake na kuuliza fungu la kapenta ni bei gani. Mtoto anajibu "senk sa", yaani mia tano kwa Kifaransa. Anapokea vizibo sita, anavihesabu kimoja kimoja kwa kidole, kisha anarudisha kimoja. Mwalimu hamsifu wala hamsahihishi. Anamwuliza tu kwa nini amekirudisha. "Umenipa mingi, mama." Mwalimu anaandika maneno hayo katika kijitabu chake na kuendelea na mtoto mwingine. Kwa dakika mbili mtoto amehesabu, amejieleza na kutoa sababu, na mwalimu amejua juu yake jambo ambalo asubuhi hakulijua.

Kufanya hivyo mara moja mbele ya wageni si kazi kubwa. Kufanya hivyo kila siku, huku watoto wengine arobaini wakiwa katika kona nyingine, ndiko kunakohitaji mafunzo: kupanga chumba, kuwazoesha watoto utaratibu wa kuhama kona, kujua wakati wa kunyamaza, kuandika kilichoonekana na kukitumia kupanga siku inayofuata.

Vipimo tutakavyovitumia

Kipimo cha kwanza ni gharama nzima, wala si ada peke yake. Msamaha wa karo ulioanza kutekelezwa Septemba 2019 unahusu shule za msingi za serikali. Maternele bado hutegemea sana mfuko wa wazazi. Nauli ya walimu, chakula cha mchana, madaftari, vifaa vya kona na malipo ya anayeshika darasa la mwalimu aliye masomoni, vyote vihesabiwe kabla ya kutia saini.

Cha pili ni kinachobakia darasani miezi mitatu baada ya mafunzo. Furaha ya walimu siku ya kufunga semina haipimi chochote. Tunauliza kama mwezi wa kumi na mbili kona zile bado zipo na kama bado zinatumika.

Cha tatu ni lugha na vifaa, na hapa inafaa kukaa kidogo. Watoto wengi wa mji huu huingia maternele wakiwa na Kiswahili cha nyumbani, na wazazi wao hulipa wakitarajia Kifaransa. Matarajio hayo ni halali, kwa maana Kifaransa ndiyo lugha ya mitihani na ya ofisi. Lakini njia inayomweka mtoto katikati husimama juu ya maneno ya mtoto mwenyewe. Mtoto anayeulizwa kwa Kifaransa asichokijua amepanga kufanya nini leo hujibu kwa neno moja au hunyamaza, na mwalimu hudhani hana mpango wowote. Sheria mfumo ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia na ya kufundishwa, hivyo shule haivunji chochote inapoacha mipango na masimulizi ya mtoto yafanyike kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kikaletwa kwa nyimbo, majina ya vitu na maagizo mafupi. Mafunzo yasiyogusa jambo hili, hata yakiwa mazuri kiasi gani, yanamwacha mwalimu peke yake mbele ya ugumu mkubwa kuliko wote alio nao.

Cha nne ni inspekta na wazazi. Inspekta huomba fishi za matayarisho, yaani karatasi za maandalizi ya somo, na jurnali ya darasa, na saa moja ya kuchagua kona inaweza kuonekana kwake kama saa tupu. Mzazi naye hufungua daftari la mtoto kutafuta herufi. Cha tano na cha mwisho ni hatima ya ujuzi mwalimu akihama, jambo ambalo katika mji wa migodi, ambako ofisi na kampuni humvuta kila anayejua kusoma na kuandika vizuri, hutokea mara kwa mara.

Semina ya siku chache

Ndiyo njia inayojulikana zaidi: siku tatu hadi tano za likizo, walimu wa shule moja au zaidi katika ukumbi wa parokia, mwezeshaji mmoja au wawili. Kwa gharama, kwa kila mwalimu, hakuna njia nyingine ya mafunzo ya kulipia iliyo nafuu kama hii, na kwa kuwa watoto wako nyumbani hakuna darasa linaloachwa. Ina faida nyingine isiyotajwa mara nyingi, nayo ni kwamba wote husikia jambo moja siku moja, direkta akiwemo, na mwalimu anayerudi na wazo jipya hapambani na wenzake wanaouliza ameyatoa wapi mambo hayo.

Udhaifu wake uko katika kipimo cha pili. Watafiti wa Marekani Bruce Joyce na Beverly Showers wamekuwa wakieleza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba maelezo na maonyesho humpa mwalimu maarifa, lakini maarifa hayo huingia kwa kiasi kidogo sana katika ufundishaji wa kila siku pasipo mazoezi, marejesho na mtu wa kumfuata darasani. Anayewajua walimu wetu hatashangaa. Mwalimu aliyetoka humanite za pedagojia, yaani sekondari ya ualimu, amefundishwa kuliongoza somo kutoka mbele. Siku nne haziwezi kuyaondoa mazoea hayo, hasa watoto wakianza kupiga kelele wiki ya kwanza.

Kuhusu lugha na vifaa, kila kitu hutegemea mwezeshaji. Akija na picha za madarasa yenye watoto kumi na wawili na rafu za mbao zilizong'arishwa, walimu watapendezwa na hawatafanya lolote. Akiwatuma kuchimba udongo wa kichuguu, ambao mji wetu hauupungukiwi na ambao hufinyangika vizuri kuliko plastiki ya dukani, na akawaambia walete vizibo, mabua na waya ambazo watoto hutengenezea magari, watarudi na vitu mikononi. Inspekta ni rahisi kumwalika kwenye semina, na ningesisitiza aalikwe. Mwalimu akihama, wengine waliosikia wapo, ingawa walichosikia ni kidogo.

Semina inaifaa shule ambayo walimu wake hawajawahi kuona darasa la namna hii, na ile ambayo direkta mwenyewe bado hajashawishika. Igawanywe mara mbili kila inapowezekana: siku tatu kabla ya masomo kuanza, na moja mwezi wa kumi na moja, wakati matatizo halisi yamekwisha kujitokeza.

Mshauri anayeingia darasani

Hapa shule, au shule tatu nne kwa pamoja, humlipa mwalimu mzoefu aje mara mbili kwa mwezi, akae darasani asubuhi nzima, kisha azungumze na mwalimu watoto wakisharudi nyumbani. Haji kukagua wala kuweka alama. Anaangalia jambo moja walilokubaliana, kwa mfano jinsi watoto wanavyohama kutoka kona hadi kona, na mara nyingine anafundisha yeye mwalimu akitazama.

Mfano ulio karibu nasi kwa lugha ni programu ya Madrasa, iliyoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan na baadaye ikafika Zanzibar na Uganda. Walimu wake wengi walikuwa wanawake wa mitaa ileile, wasio na masomo marefu. Walifundishwa kwa vipindi, wakarudi darasani, na wakufunzi wakawafuata huko huko. Vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya mahali, wazazi wakaunda kamati za kuibeba shule. Sehemu ya mwelekeo wake ilitoka HighScope, ambako siku ya mtoto ina hatua tatu, yaani kupanga, kufanya na kukumbuka, lakini nyimbo, hadithi na mafundisho ya dini vilikuwa vya jamii yenyewe. Huo ndio urekebishaji ninaouzungumzia.

Ni haki pia kusema HighScope ilipata sifa katika mazingira gani. Utafiti wake maarufu, uliofanyika Ypsilanti, Michigan, kati ya 1962 na 1967, ulihusu watoto 123, wengine waliosoma katika shule ya awali ya majaribio na wengine wasiosoma humo, na katika shule hiyo mwalimu mmoja alihudumia watoto watano au sita, akiwatembelea pia nyumbani kila wiki. Anayeahidi matunda yaleyale katika chumba cha watoto hamsini anaahidi asichoweza kukitoa. Hatua tatu zenyewe, hata hivyo, zinabebeka. Badala ya kumwuliza kila mtoto mpango wake, mwalimu wa Ruashi anaweza kuuliza kikundi kimoja cha watoto wanane kwa siku huku wengine wakiweka kijiti chenye alama yao kwenye kona waliyoichagua, na kwa wiki moja atakuwa amewasikia karibu wote. Suluhisho la namna hii halipatikani ukumbini. Hupatikana mbele ya watoto, watu wawili wakitazama jambo moja.

Gharama ni kubwa kuliko ya semina na hulipwa kidogo kidogo mwaka mzima, jambo linaloisaidia shule inayopokea karo kwa mwezi lakini huikwaza inayosubiri msaada wa mara moja. Kwa kipimo cha pili njia hii ina nguvu sana. Kwa lugha pia, maana mshauri husikia kwa masikio yake mtoto aliyenyamaza kwa Kifaransa akifunguka kwa Kiswahili uani. Na anaweza kukaa na mwalimu waandike fishi ambayo inspekta ataielewa: kona ya mchanga na maji; lengo: mtoto alinganishe ujazo wa vyombo viwili; vifaa: kopo, kikombe, chupa iliyokatwa; maswali: kipi kitajaa kwanza na umejuaje; kinachotazamwa: je, mtoto anakisia kabla ya kumimina. Fishi kama hiyo ikiwekwa mezani, saa ya kona haionekani tena kuwa tupu.

Hatari zake ni mbili. Mshauri mzuri ni adimu, na aliyezoea ukaguzi atawatisha walimu badala ya kuwasaidia. Kisha, kila kitu kikisimama juu ya mtu mmoja, akiondoka huacha pengo. Njia hii inafaa mitandao ya shule za kanisa zenye mratibu mmoja, na walimu ambao wamekwisha jaribu lakini wamekwama.

Masomo marefu yenye cheti

Njia ya tatu humtoa mwalimu mmoja, mara chache wawili, akasome kwa mwaka mmoja au zaidi. Wengine hujiandikisha katika Taasisi ya Juu ya Ualimu, ISP, au katika kitivo cha saikolojia na elimu cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wengine hutafuta diploma ya Montessori, ambayo kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita huhitaji masomo marefu, saa nyingi za kutazama madarasa na mazoezi yanayosimamiwa, na mara nyingi hulazimu kusafiri.

Kwa kina, hakuna njia inayoifikia. Mwalimu anajifunza kwa nini mtoto wa miaka mitatu hurudia kitendo kimoja mara ishirini, jinsi lugha inavyokua, namna ya kumtambua asiyesikia vizuri. Cheti kinaheshimiwa na wazazi na inspekta, nacho humwinua mwalimu mwenyewe, jambo ambalo kwa kina mama wengi wa maternele, wanaolipwa kidogo na kuchukuliwa kama walezi tu, si dogo.

Wapo wanaoikataa Montessori wakisema ni ya matajiri. Historia haiwaungi mkono: Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa San Lorenzo, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi maskini, nao walikuwa karibu hamsini. Leo kilicho ghali ni vifaa, na hata hivyo vingi vinaweza kutengenezwa hapa. Mnara wa waridi, kwa mfano, ni michemraba kumi ya mbao, ubavu wa mdogo ukiwa sentimita 1 na wa mkubwa sentimita 10. Seremala wa mtaa wa Kenya anaweza kuitengeneza, ila apewe vipimo na mbao iliyokauka vizuri, kwa sababu mti mbichi ukijikunja wakati wa kiangazi tofauti ya sentimita moja hupotea, na mtoto hawezi tena kuliona kosa lake mwenyewe bila kuambiwa.

Gharama ni nzito, na darasa la aliyeenda kusoma linahitaji mtu. Kwa kipimo cha mwisho njia hii ndiyo yenye hatari kuliko zote: aliyepata cheti huitwa haraka na shule inayolipa zaidi. Nisingemlaumu. Shule inayochagua njia hii ikubaliane naye mapema kuhusu miaka ya kubaki na nyongeza ya mshahara, na impe saa maalum za kuwafundisha wenzake. Kabla ya kujiandikisha popote, aulizwe msimamizi wa masomo ni saa ngapi mwanafunzi hukaa na watoto wa maternele wenyewe, maana masomo mengine ni nadharia tupu. Njia hii inaifaa shule yenye kipato imara, kama baadhi ya zile za upande wa Golf, au mtandao unaotaka kumwandaa mshauri wake wa kesho.

Vikao vya walimu wa shule jirani

Njia ya nne karibu haina gharama. Walimu wa shule nne au tano za mtaa mmoja hukutana mara moja kwa mwezi, Jumamosi, kila mara katika shule tofauti. Namna ya kikao inayofanya kazi vizuri ni ile waliyoizoea walimu wa Japani kwa miaka mingi: wanapanga somo pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanatazama watoto na si mwalimu, kisha wanajadili walichokiona. Kwa kuwa Jumamosi watoto hawapo wote, kikundi cha watoto kumi wanaokaa karibu na shule kinatosha.

Lugha na vifaa havina shida hapa, kwa sababu kila kitu kimetoka mtaani. Ujuzi pia hubaki hata mmoja akihama. Kinachokosekana ni mtu anayejua zaidi, na kosa moja linaweza kuzunguka shule zote tano kwa mwaka mzima bila mtu kulitambua. Inspekta hapati karatasi ya kuonyeshwa, isipokuwa kikundi kiweke kumbukumbu. Tena, mshahara ukichelewa kikao hugeuka kuwa cha mshahara. Mazungumzo hayo ni ya haki, lakini yapewe saa yake. Inawafaa walimu waliokwisha pata msingi fulani na wenye mmoja kati yao anayekubalika na wote.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Kama una walimu wawili au watatu na mfuko mdogo sana, semina moja iliyogawanywa mara mbili, ikifuatwa na vikao vya shule jirani, ndiyo mahali pa kuanzia, na fedha itakayobaki inunue mikeka na makopo ya kuhifadhia vifaa.

Kama shule yako iko katika mtandao wa kanisa, zungumza na mratibu kuhusu mshauri mmoja wa shule tatu au nne. Gharama ikigawanywa huwa ya kubebeka, na walimu hupata mtu anayelijua tatizo la jirani yao pia.

Kama madarasa yako yana watoto sitini, usianze na cheti. Anza na mshauri, hata kwa muhula mmoja tu, kwa sababu wingi wa watoto ni tatizo la utaratibu wa chumba, na utaratibu haujifunzwi mbali na chumba chenyewe. Ukiwa na chumba kimoja tu, omba mshauri azungumzie kwanza kugawa siku: nusu uani na udongo na mchanga, nusu ndani kwenye kona, na wakati wa mvua za Desemba hadi Machi, barza ndiyo iwe ua.

Kama walimu wako huhama kila mwaka, usiweke fedha yote kwa mtu mmoja. Vikao na mshauri, pamoja na daftari la shule lenye michoro ya kona, fishi zilizokwisha tumika na orodha ya vifaa, vitampokea mwalimu mpya.

Kama kikwazo chako ni wazazi zaidi kuliko walimu, njia yoyote utakayoichagua iwe na siku ambayo mzazi anakuja kukaa katika kona ya soko na kuuziwa kapenta na mwanawe, akamsikia akihesabu. Siku hiyo wekeni ukutani pia maneno ya watoto ambayo walimu wameyaandika, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Na kama una uwezo wa cheti, mtume mwalimu ambaye amekaa miaka kadhaa na watoto na ambaye wenzake humwendea wakikwama, hata kama si yeye aliyekuja na diploma yenye alama za juu.

Katika hali zote hizi, anayetoa mafunzo aandikiwe ukurasa mmoja kabla ya kulipwa: atakuja darasani mara ngapi baada ya mafunzo, atatumia lugha gani na watoto, vifaa vipi vitatengenezwa hapa, na nani atamweleza inspekta. Asiyetaka kuujaza ukurasa huo, atafutwe mwingine.